Sabasaba, mama mkwe na dirisha la Keko

Mwezi huu nimechelewa kuandika na mhariri ameshanipigia simu mara mbili, ya pili sauti ikiwa imebadilika. Wote mlioniandikia kuhusu mada ya mwezi uliopita, ile ya wapenzi kupekuliana simu, asanteni sana. Meseji nimezisoma zote, nyingine zimenichekesha mpaka bosi akanichungulia. Tutazirudia. Leo nawapa stori ya nyumbani kwangu, maana si haki kila mwezi nichambue ndoa za watu wakati ya kwangu nimeifunikia kombe.

Iko hivi. Sabasaba ya mwaka huu wa 2025 iliangukia Jumatatu. Sisi watu wa maofisini tunajua maana yake: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, siku 3 mfululizo bila bosi, na ukiomba ruhusa Ijumaa mchana unakuwa nazo tatu na nusu. Mimi na mwenzangu tulikuwa tumepanga Zanzibar. Tuna miaka 6 ya ndoa na binti wa miaka 3, na tangu huyo binti azaliwe hatujawahi kulala mahali ambapo hakuna mtu wa kutuamsha saa 11 alfajiri akidai uji. Tiketi za boti tulishakata, chumba Nungwi tulishatanguliza nusu ya pesa, mtoto alikuwa aende kwa dada yangu Tabata. Nilishanunua na gauni, lile la mgongo wazi, ambalo hadi leo lina lebo yake.

Lakini haikuwa starehe tupu. Mwezi Mei mwenzangu alipata barua ya uhamisho kwenda Dodoma. Anafanya kazi taasisi ya serikali, na mnajua tangu 2016 serikali ilivyoanza kuhamia huko kweli kweli. Barua ilikuja na cheo na mshahara unaopanda. Kuripoti tarehe 1 Septemba. Mimi kazi yangu iko Dar, nimeihangaikia miaka 9, na ndiyo kwanza nimepata kiti chenye magurudumu. Barua ile akaiweka juu ya friji, na juu ya friji ikakaa. Kila mtu anaiona, kila mtu anafungua friji anachukua maji yake anapita. Tukasema tukifika Zanzibar, tukishatulia, tutaongea.

Alhamisi jioni simu ikalia. Mama mkwe, kutoka Jipe.

Kwa msiokujua Jipe, siwalaumu, hata mimi Mchaga wa Machame nilikuwa sikujui mpaka niolewe. Ni kule wilaya ya Mwanga, nyuma ya milima ya Upare Kaskazini ukishuka upande wa mashariki. Kuna ziwa, na ziwa lenyewe tumegawana na Kenya: ng'ambo ya pili ni mbuga ya Tsavo Magharibi. Si ziwa la kutisha, kina chake ni kifupi, na matete yamelizunguka mpaka wavuvi inabidi wakate njia za kupitisha mitumbwi. Lina perege watamu na viboko wasio na utani. Maji yake yanatoka Kilimanjaro kwa mto Lumi na mengine milimani Upare, kisha yanatoka kwa mto Ruvu hadi Nyumba ya Mungu, yanaingia mto Pangani, yanaishia baharini. Nawaeleza hivi kwa sababu moja. Mama mkwe wangu ana miaka 72, maisha yake yote ameishi kando ya maji yanayokwenda baharini, na yeye mwenyewe bahari alikuwa hajawahi kuiona.

Miaka 6 tumemwalika Dar. Kila mwaka ana sababu: mbuzi wanazaa, mahindi yanataka palizi, jirani kafiwa. Safari hii hakualikwa na mtu. "Mwanangu," akamwambia mume wangu, "kesho nakuja. Tiketi nishakata."

Nitasema ukweli maana hapa ndipo mahali pa kuusema. Nilikasirika. Nilikwenda jikoni nikafungulia bomba la maji ili nisisikike ninavyolia. Mwenzangu akaja akasimama mlangoni na ule uso wa mtu asiyejua aweke mikono wapi. Nikamwambia, "Mwambie aje wiki ijayo." Akasema, "Mwambie wewe." Basi, hakuna aliyemwambia. Yule wa chumba cha Nungwi akatujibu kwamba kianzio hakirudishwi. Sawa.

Ijumaa jioni tukampokea kituo cha Magufuli, Mbezi. Ameteremka na kiroba cha mahindi na maharage, furushi la perege wakavu, na jogoo aliye hai ambaye kondakta alimkabidhi kwa heshima zote. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mbona umekonda?" Njiani kimya. Barabara ya Morogoro ilikuwa imefurika magari kama ilivyo kila Ijumaa, mabasi ya mwendokasi yanatupita, tunaingia daraja la juu pale Ubungo, yeye anatazama tu dirishani na jogoo wake miguuni. Ndipo akauliza: "Hawa watu wote wanakwenda wapi?"

"Makwao, mama."

"Wote?"

Wote, mama. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa wa Dar es Salaam, na jioni ile nadhani waliobaki ndani walikuwa wagonjwa na watoto wachanga.

Baada ya chakula nikaanza kumpangia ratiba. Kichwani nilikuwa na Mlimani City, maonesho ya Sabasaba na mishikaki ya Coco Beach. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema, "Kote huko mtanipeleka mkipenda. Mimi nimekuja kuiona Dar ya baba yenu."

Baba mkwe sikumkuta, alifariki 2009. Nilichokuwa najua ni kwamba alifanya kazi bandarini. Usiku ule ndiyo nikapata hesabu kamili: alianza 1974 enzi za bandari za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jumuiya ikavunjika 1977 akaendelea na Mamlaka ya Bandari ya kwetu, akastaafu 1996. Miaka 22. Mama alibaki Jipe na watoto wanne, mifugo na mama mkwe wake mwenyewe. Mzee alikuwa akipanga chumba Keko, na kwenye barua zake alikuwa akimsimulia mama kuhusu dirisha lake lililotazama mwarobaini. Mama alitaka kuliona hilo dirisha.

Jumamosi tukaanzia Posta. Jamani, mimi nina miaka 14 Dar na nawaambieni sijawahi kuizunguka Posta nikiwa sina haraka. Tunapiga picha Dubai na Cape Town, lakini ukiulizwa sanamu ya Askari imesimama pale tangu lini unaanza kukohoa. Ni tangu 1927, iliwekwa na Waingereza kuwakumbuka askari wa Kiafrika wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na maandishi yake yako kwa Kiswahili pia. Mama akaizunguka mara mbili. "Singe kamwelekezea nani?" Mume wangu akasema inaelekea bandarini. Mama akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa maelekezo na mwenyeji.

Makumbusho ya Taifa, pale mtaa wa Shaaban Robert, tulikaa saa nzima. Kuna mengi: jengo la kwanza lilifunguliwa 1940, na humo ndimo lilimo lile fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai 1959. Mama fuvu alilipita fasta kama analidai. Alichogandia ni magari aliyotumia Mwalimu Nyerere. Alisimama pale mpaka binti yetu akasinzia mgongoni kwa baba yake. Anasema aliwahi kupangwa barabarani Mwanga na wanafunzi wenzake kumpungia Mwalimu, gari likapita, akaona mkono tu. "Leo nimeliona gari, mwenye mkono hayupo."

Ushauri wa bure kwa wote mtakaotembeza wazazi: mtu wa miaka 70 usimpeleke zaidi ya sehemu tatu kwa siku, na ujue choo kiko wapi kabla hajauliza. Mimi nilijifunza la pili kwa taabu.

Sehemu ya tatu ilikuwa Feri. Hapo ndipo bahari. Sikujua nitegemee nini, labda ashangae, labda apige vigelegele. Hakufanya lolote. Alishuka hadi mchanga unapoishia, akainama, akachovya kidole akaonja. "Kweli ni chumvi," akasema, kama vile miaka yote alidhani watu wanatia chumvi kwenye habari yenyewe. Kisha akauliza kama yana magugu. Tukamwambia hapana. Akaangalia ng'ambo ya Kigamboni na kusema, basi hawa wavuvi wa huku wamedekezwa.

Tukapanda pantoni kwenda na kurudi, bila shughuli yoyote ng'ambo, kwa raha tu. Kwa mtembea kwa miguu nauli ni sh. 200, na nakuhakikishia hakuna matembezi ya bei hiyo mjini hapa. Tulipokuwa tunasubiri kurudi, ikabidi pantoni lingoje meli ya makontena ipite kwenye ule mlango mwembamba wa bandari. Mmeshaiona? Meli inapita karibu kiasi kwamba unahisi ukinyoosha mkono utaigusa, ndefu kama mtaa, na inachukua muda kuisha. Mama alishika chuma cha ukingo kwa mikono miwili.

"Ndiyo hizi alikuwa anapakua?"

"Wakati anaanza ilikuwa magunia, mama," mume wangu akamjibu. "Begani. Baadaye ndiyo akawa karani wa kuhesabu mizigo."

"Begani najua," mama akasema. "Shati lake la kulia lilikuwa linachanika kwanza."

Miaka 6 ya ndoa, hilo la shati mume wangu alikuwa hajawahi kunisimulia. Nadhani hata yeye alikuwa amelisahau.

Soko la samaki nalipita haraka, ingawa lile lilistahili safu yake. Kijana kataja bei ya changu, mama akamwambia samaki wa Jipe hafiki bei hiyo hata awe na meno ya dhahabu. Wakabishana robo saa, watu wakajaa, tukanunua kwa nusu. Watani zangu Wapare mtanisamehe, lakini hii damu yenu siyo ya kawaida.

Usiku chumbani tukagombana kwa kunong'ona. Wanandoa mnaoishi na wageni mnaijua hiyo, hasira zote na sauti hakuna. Nilianza na kianzio cha Nungwi, nikamaliza na Dodoma, maana ndiko nilikokuwa nakwenda tangu mwanzo. Mwenzangu akatoa simu, akafungua kikokotoo. Treni ya SGR ilipoanza 2024, nauli ya Dar hadi Dodoma daraja la kawaida ilikuwa sh. 31,000. Kwenda na kurudi 62,000. Wikiendi nne 248,000. Nyongeza ya mshahara inalipa hiyo na chenji inabaki. Saa tatu na nusu mtu uko Dar, Ijumaa jioni anakula chakula nyumbani, Jumatatu alfajiri anarudi. "Dodoma siku hizi ni kama Kibaha," akasema. "Baba alikuwa anasafiri kwa treni ya Moshi mchana na usiku."

Nikamuuliza, "Na Jumanne mtoto akipata homa saa 8 usiku, nayo iko kwenye kikokotoo?"

Akageukia ukutani. Mimi nikageukia ukuta mwingine.

Jumapili asubuhi tulisali Azania Front, lile kanisa la Kilutheri lenye paa la vigae vyekundu lililojengwa na Wajerumani, ambalo ukiwa baharini unaliona kabla ya maghorofa mengi. Mama aliimba kwa sauti ambayo sikujua anayo. Mchana tukaenda Keko.

Cha kuchekesha, mtaa aliopanga mzee unaitwa Keko Mwanga. Mama miaka yote aliamini Wapare waliupa jina wao, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumbishia. Mkononi alikuwa na bahasha ya zamani, na maelekezo yenyewe ndiyo yale ya mwaka 1980 na kitu: nyumba ya tatu kutoka kwa fundi makochi, yenye mwarobaini. Wasomaji wa Dar mnacheka. Keko yote ni mafundi makochi! Vitanda viko barabarani, makabati yako barabarani, vijana wanapiga msasa mpaka gari letu likawa na unga. Tukaulizia hapa, wakatutuma kule, mzee mmoja kwenye kijiwe cha kahawa akasema Keko ilikuwa na miarobaini mingi, mnataka upi. Nilitaka kusema turudi. Jua lilikuwa kali na binti yangu alishaanza kulia.

Mama ndiye aliyeiona. Nyumba ya kizamani ya vyumba sita, ukumbi katikati, bati limeiva kutu. Akasimama akasema ni hii, bila mtu kumwambia. Akatoka mama mmoja wa makamo, binti wa mwenye nyumba wa wakati ule. Tulipomtajia Mpare wa bandarini alinyamaza kidogo, halafu akapiga makofi. "Mpare wa makande!"

Anamkumbuka vizuri. Anasema kila Jumapili mzee aliinjika sufuria la makande uani tangu asubuhi, na wapangaji wenzake wakimcheka, mwanaume mzima kukaa na jiko la mkaa siku nzima kwa ajili ya mahindi na maharage, si aende kwa mama ntilie. Yalipoiva aliwaita watoto wa uani, kila mtu na bakuli lake, yeye mama huyu akiwa mmojawapo. Mume wangu akacheka sana. Mama mkwe hakucheka. Alisema, "Makande?" kisha akasema tena, "Makande."

Mwarobaini haupo. Uliangushwa walipojenga ukuta, limebaki gogo ambalo wanakalia wakiosha vyombo. Chumba sasa wamepanga vijana wawili, mmoja alikuwa anapiga pasi shati, akatukaribisha ndani kwa adabu kabisa na kuanza kuficha ficha nguo. Dirisha lipo. Nondo zilezile, wavu mpya. Ukichungulia unaona matofali ya jirani, hata mkono mmoja hayafiki. Mama alisimama pale. Kisha akageuka akamuuliza mwenyeji wetu, "Kitanda kilikuwa upande gani?"

"Huu hapa, kichwa huku."

Akatazama huo upande. Kama dakika mbili, tatu hivi. Yule kijana alishika pasi hewani asijue aendelee au asubiri.

Tulipotoka, mwenyeji akamvuta mama pembeni, na mimi masikio yangu mnayajua. "Mama," akamwambia taratibu, "kama kuna jambo lolote ungependa kuniuliza kuhusu wakati ule, mimi nilikuwa binti mkubwa, nilikuwa naona."

Moyo wangu ulisimama. Mwanamke gani asingeuliza? Miaka 22, mume kijana, jiji hili! Mama akamshika mkono. "Hapana mdogo wangu. Nilitaka kuona chumba, nimekiona. Mungu akubariki kwa kunipokea."

Na hakuuliza. Mimi hadi leo nalala naamka nayo.

Alichosema alikisema usiku, sebuleni, TV ikiwa imezimwa na sisi wawili tumekaa kochi moja bila kugusana. Alianza na makande. Kumbe mzee alipostaafu akarudi Jipe, mwaka wa kwanza waligombana kuhusu jiko. Alikuwa akiyatia nazi. Nazi, Upareni! Alikuwa hataki mama amguse sufuria lake, anasema mama hajui. "Nilidhani kuna mtu kamfundisha," mama akasema. "Nilimnunia miezi. Kumbe alikuwa anajipikia mwenyewe."

Halafu akatoa hesabu yake, bila kikokotoo. Likizo ya mzee ilikuwa siku 28 kwa mwaka. Mara miaka 22, siku 616. "Mwaka mmoja na miezi minane," akasema. "Ndiyo nimekaa na baba yenu tangu aende Dar mpaka astaafu. Alivyorudi nilikuwa sijui anakunywa chai na sukari ngapi. Nilimuuliza kama mgeni."

Mume wangu akasema, "Mama, dada kakwambia kuhusu Dodoma."

"Kaniambia."

"Kwa hiyo unasema nisiende."

"Sijasema. Baba yako asingekuja huku, wewe leo ungekuwa unakimbizana na viboko na ada usingelipiwa. Ile pesa niliila na mimi. Mnaniuliza mimi mambo ya Dodoma, mimi Dodoma naijua? Nimekuja kuona dirisha." Akaamka akaenda kulala. Mlangoni akageuka: "Halafu yule jogoo msimchinje kesho, bado hajazoea."

Wapenzi, niliwahi kuandika hapa hapa kwamba mama mkwe anapokuja bila taarifa anakuja kukagua. Ndiyo, niliandika, wenye makabrasha mtayakuta.

Jumatatu tulimpeleka maonesho ya Sabasaba, barabara ya Kilwa, kwa sababu huwezi kutoka Dar wiki ile bila kufika huko, watu wa Jipe wangemwuliza. Watu kama utitiri. Alinunua chupa ya chai na kipimo cha kupimia unga, akasema inatosha, kelele nyingi. Jumanne alfajiri tukampakia basi. Jogoo alibaki.

Sasa barua. Bado iko juu ya friji, lakini tumeishaisoma pamoja, wawili, kwa sauti, ambayo ndiyo kitu tulichokuwa tunaogopa kumbe. Mwenzangu anakwenda Septemba, hilo tumekubaliana, kwani cheo kile hakirudi tena na mimi ningekuwa muongo nikisema pesa hatuihitaji. Tumewekeana mwisho: Juni 2026. Mimi nimeshaandika kuomba nafasi kwenye tawi letu la Dodoma, nao wamenijibu nisubiri. Ikifika Juni sijapata, yeye anaomba kurudi, hata kama ni kwa cheo cha chini. Nilitaka iandikwe. Yeye akaona ni uchuro kuandikishana kama watu wa mahakamani, nikamkumbusha nimeolewa na Mpare, kesi ziko kwenye damu. Akaandika, akatia sahihi.

Ila kuna kitu kimoja hatujapatana, na ndicho ninachowaombeni. Yeye anataka tukubaliane kwamba kila wikiendi anakuja yeye. Mimi nataka tupokezane, mimi na mtoto tukaone anakolala, dirisha lake linatazama nini. Anasema ni gharama na kumchosha mtoto. Nyie mnaoishi ndoa za wikiendi, Dar na Dodoma, Arusha na Mwanza, hata wa Nairobi, mnafanyaje? Nani anasafiri, na ilichukua muda gani kabla hamjaanza kuona wikiendi ni mzigo? Niandikieni bila kuogopa, majina siyatoi.

Mama alipiga simu juzi. Picha ya lile dirisha mume wangu aliipiga kwa simu, na mama hataki ya simu, anataka ya karatasi. Tumeisafisha Kariakoo, tumeituma kwa basi la Mwanga. Anasema imefika salama, ila matofali yanaonekana sana, tungemwambia fundi ayaondoe.